Mume wa Ukoo Mwingine kwa Hariri

Korogwe, Alhamisi, 9 Machi 1911
Mvua asubuhi, sasa jua kali.

Eliza, daftari hili ni letu wawili, na leo ni zamu yangu. Naapa kuandika yote, hata yale yanayoniaibisha.

Mayai ya Hariri yameanguliwa. Tisa! Vitoto vya nyoka, vyembamba kama mabua ya mtama, vinatoa ndimi kana kwamba vinauonja ulimwengu. Nilifurahi mpaka nikasahau kuchota maji.

Kisha nikatazama rangi.

Vyote kahawia.

Unakumbuka alipokufa Chaki, nyoka mweupe wa Mwalimu, darasa zima lilisema weupe umekwisha, maana watoto wake wote ni kahawia. Ni mimi niliyesimama nikasema haujaisha, umejificha. Walicheka. Mwalimu hakucheka, alinipa mimi Hariri, binti wa Chaki, akakupa wewe Kahawa, kaka yake, tuutafute huo weupe.

Na somo nalijua! Kila mtoto hupokea mbegu mbili za rangi, moja ya mama, moja ya baba. Ukahawia ni sifa inayotawala: mbegu yake moja yatosha kuipaka ngozi nzima. Weupe ni sifa iliyojificha: hauonekani mpaka zikutane mbegu zake mbili. Hariri ana moja ya kila aina. Kwa nje ni kahawia, lakini ndani amebeba weupe wa mama yake, ndiyo maana Mwalimu humwita mchukuzi. Wachukuzi wawili wakizaa, kila yai lina bahati moja katika nne ya kutoa mweupe.

Basi nilipaswa kumleta Hariri kwa Kahawa, huko kwenu Dindira. Bibi yangu alinisikia nikipanga safari, akasimamisha mchi hewani.

“Kaka na dada?”

“Ni nyoka, Bibi.”

“Analala chini ya paa la nani?”

“Lako, Bibi.”

“Basi. Chini ya paa langu mtu haoi dada yake. Hata beberu wa babu yako tulimleta kutoka mbali, Misima, asipande dada zake, na alikuwa mbuzi!”

Nilicheka, lakini maneno yaliniingia. Niliona haya, kama vile ni mimi niliyetaka kuvunja mwiko. Nikaenda kwenye ghala la jirani, nikamkamata dume anayewinda panya humo, mpole, hana sumu, nikamtia katika sanduku la Hariri. Mume wa ukoo mwingine, kama inavyotakiwa. Bibi alipiga kigelegele.

Sikukwambia. Wala Mwalimu sikumwambia.

Leo amekuja kuona vitoto. Alitazama, akauliza, “Baba yao ni nani?” Nikasema kweli. Alicheka hadi akavua miwani kufuta macho.

“Umefanya harusi nzuri sana, binti yangu. Lakini huyo bwana hana damu ya Chaki, ana mbegu mbili za kahawia. Mweupe angetoka wapi?”

Huenda nusu ya hawa tisa ni wachukuzi kama mama yao. Yupi na yupi? Ngozi haisemi.

Nami nilikuwa nalijua hilo tangu mwanzo. Hilo ndilo linaloniuma.

Baba ameniruhusu uzao mmoja tu tena. Baada ya huo, mweupe asipotokea, nyoka wote watagawiwa maghala ya watu, na hakuna atakayeutafuta weupe wa Chaki tena.

Hata hivyo, sina huzuni. Hariri amekula panya mzima leo, ngozi yake inang’aa kama chungu kipya. Na Mwalimu asema kuzalisha ndugu kizazi baada ya kizazi hudhoofisha watoto, lakini mara hii moja si neno.

Baba yako akishuka na ndizi, Kahawa anaweza kusafiri katika kikapu chenye kifuniko. Usimlishe siku tano kabla, atatapika njiani.

Nijibu kwa mtu huyu huyu anayekuletea daftari: utamtuma? Na Bibi akiniuliza bwana harusi ni wa ukoo gani, nimjibu nini kisichokuwa uongo?