Mama Mdogo, Mkwe na Jeli

Batuli, uko? Kaa chini kwanza.

Leo nimemsindikiza mama mdogo Phanice kupigwa MRI ya nyonga hapa Kisii. Ameshavua saa, amevaa lile gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, mlango unafunguka. Mpiga picha ni Osoro. Osoro, Batuli. Mume wa binti yake.

Unajua chinsoni zetu, zile adabu za kuoneana haya, mkwe na mama mkwe hawaketi hata benchi moja. Mama mdogo akajifunika uso kwa leso. Osoro akaongea na dari.

"Mama, kuna njia mbili. Ya kawaida unalala tu. Ya pili, muuguzi anakutia jeli ndani kwanza, ndiyo mlango wa kizazi uonekane vizuri."

"Ya kawaida haitoshi?"

"Inaweza kuficha kitu kidogo."

"Na mwenzako yuko wapi?"

"Likizo, mama. Mpaka mwezi ujao."

Mama mdogo akaikaza leso usoni. Nilijua anamwaza dada yake, mama yangu.

"Drusilla aliwaonea haya madaktari mpaka tukamzika," akasema. "Leteni hiyo jeli. Na wewe Osoro, nikikuona kwangu kabla ya Krismasi, nitakufukuza na mwiko."

Mwiko, Batuli. Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta.

Mama mdogo alipotoka kwenye mashine akamuuliza Osoro, bado yuko ndani ya leso, "Umeona nini?"

"Nimeona picha, mama. Zimetoka wazi, daktari atazisoma. Mtu sijaona."

Tangu harusi mama mdogo hajawahi kumpa Osoro mkono. Leo amempa.