Maji Yamerudi Shamba la Chini

Shamba la Wetterein,
Friesland,
Uholanzi.
12 Novemba 2023

Mpendwa dada Aukje,

Habari za siku nyingi? Hujambo wewe, na shemeji Rob, na watoto? Tulisikia kwamba goti lako linakusumbua. Natumaini sasa unapanda ngazi bila kumlaani mtu. Huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo, lakini supu ya njegere bado anaifuta mpaka sufuria ing'ae. Mke wangu Hiske anakushukuru sana kwa sweta, halivui.

Nimeona ulisikie kwangu kabla binamu zetu hawajakupigia simu: nimerudisha maji kwenye shamba la chini. Ndiyo, lile lile tulimokuwa tukikusanya nyasi na Baba.

Mwaka jana watu wa bodi ya maji walikuja ukumbini kutuomba tuyaache maji yapande mashambani. Wanasema udongo wetu wa mboji ukikaushwa unaoza, unachafua hewa, na ardhi inadidimia. Jirani yetu Gosse akasimama akauliza, "Kwa hiyo tufuge vyura? Chura mmoja anatoa lita ngapi za maziwa?" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka. Lakini nilipouliza tutakula nini msaada wa fedha waliotuahidi ukiisha, sikuwa nafanya mzaha. Mpaka leo sijapata jibu la kueleweka.

Si kwamba hatuoni, dada. Nyumba yetu imesimama juu ya nguzo, ardhi inashuka na kuiacha. Tangu uondoke nimeongeza ngazi nyingine mlango wa jikoni. Kiangazi hiki, kwa ule ukame, sakafu ya zizi la ndama ilipasuka na mlango ukagoma kufunguka. Ilibidi tubomoe ukuta ndama watoke. Tukiwa tumesimama kwenye vumbi lile Hiske akaniambia, "Wiebe, wewe unagombana na bodi ya maji, lakini anayekuhama ni udongo."

Basi nikakubali kujaribu shamba la chini peke yake, nipande matete, yale yanayotumika kutengenezea mbao za kuzuia baridi ukutani. Ng'ombe wamebaki juu.

Tangu siku hiyo Gosse hanisalimii. Tukitoka kanisani kunywa kahawa, anahamia meza nyingine. Inaniuma, maana ndiye aliyenikamulia ng'ombe Hiske alipolazwa. Simlaumu. Anaogopa kwamba nikikubali mimi leo, kesho yeye hataulizwa.

Kilichonishinda hasa ni kumwambia Baba. Unajua mwenyewe, mifereji ya kutoa maji shambani mle aliichimba kwa koleo yeye na babu, na mabomba ya udongo akayalaza kwa mikono yake. Nilimwambia mezani. Akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo ujana wangu niliumaliza bure," akasema, akaenda chumbani. Kwa siku kadhaa alizungumza na mbwa tu.

Siku ya kuziba mfereji mkuu nilimkuta ameshakaa kwenye trekta, amevaa buti zake ndefu. Nikaingia mferejini, nikausimamisha ubao wa kuzuia maji. Baba akaukagua kutoka kwenye trekta.

"Huo ubao umekaa upande."

"Umenyooka, Baba."

"Uko upande. Maji yatapita pale kushoto. Hebu toka."

Akashuka mwenyewe na uzee wake wote, mimi nimemshika mkanda wa suruali asije akateleza. Akaupigilia kwa nyundo, akaziba pembeni kwa udongo wa mfinyanzi. Alipomaliza alibaki ameinama, mikono ndani ya maji.

"Bado naona ni upumbavu," akasema. "Lakini sitaki kusikia watu wakisema ubao wa Wetterein unavuja."

Nikamwambia hakuumaliza ujana wake bure. Nyasi za shamba lile ndizo zilizotulea, na ndizo zilizokusomesha wewe. Aliniomba leso tu.

Sijui kama nimefanya vyema, dada. Matete yakikosa mnunuzi, nitakuwa nimelizamisha jasho lake, naye mwenyewe akinisaidia. Kuna asubuhi naamka nikitaka kwenda kuung'oa ule ubao.

Siku hizi Baba akishakunywa kahawa anachukua baiskeli, anakwenda kukagua. Jana alirudi amenuna, nikajua sasa ananiambia tuyatoe maji. Akavua buti, akakaa, akasema maji yamepungua, na kwamba mimi ni mvivu, siyaangalii.

Msalimie sana shemeji Rob, na watoto, Femke na Douwe, uwakumbatie kwa niaba yangu. Shangazi Tjitske anauliza utakuja lini. Mkate wa sukari anasema atauoka yeye. Mungu awalinde, akupe afya, na atukutanishe Baba angali na nguvu za kunikaripia.

Nduguyo akupendaye na kukukumbuka,
Wiebe