Nilimwandikia Fundi kwa Kalamu ya Wino

Mshauri mpendwa, naomba msaada upesi, maana tangu Jumanne nimepigwa na butwaa, na mdomo wangu, ambao hata daktari wa meno hajawahi kuunyamazisha, umejifunga wenyewe. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, shule niliijua kwa ukuta wake tu kwa kuwa ndimi niliyeupaka chokaa, sasa nasoma kisomo cha watu wazima, na nasema bila kujisifu, ingawa najisifu, kwamba kwa hadithi hakuna wa kunishika, darasani wananiita Redio.

Mwalimu alitutaka tuandike insha ya maisha yetu, rasimu tu, kisha tubadilishane madaftari wawili wawili, na sheria yake ni kwamba maoni yaandikwe kwa penseli, useme palipokugusa na uulize swali moja. Mimi nikapata la fundi cherehani, mama mmoja mpole ambaye mwisho wa mwezi ana mtihani wa insha wa kuingia chuo cha ushonaji. Kaandika alivyotolewa shule darasa la pili alee wadogo zake. Nikaona insha nzima haina hata chui mmoja! Nikachukua kalamu ya wino, nikaandika juu kwa herufi kubwa: HII HAINA CHUMVI, NJOO NIKUAZIME. Nikawasomea wenzangu maneno yangu hayo kwa sauti, wakacheka mpaka madawati yakalia. Yeye akasema tu, "Sawa, babu," akatia daftari kwenye mfuko wa vitambaa, akatoka. Hajarudi mpaka leo.

Nyumbani nikafungua daftari langu nione kanisifuje. Nilikuwa nimeandika nilivyomkamata chui mkia, kurasa tatu, na katikati, sijui ilipenyaje, sentensi moja: miaka thelathini mke wangu alinisomea barua za watoto, nami nikijifanya miwani imepotea. Pembeni, kwa penseli, mwandiko mdogo kama mshono: "Babu, chui sikumwamini. Hapa kwenye miwani nilisimama, machozi yakanitoka. Anzia hapa. Je, bibi alijua?"

Mshauri, swali hilo nililisoma mara tatu. Marehemu mke wangu alikuwa akiniambia mbele ya wageni, "Mume wangu, miwani imepotea tena? Lete nikusomee." Na siku nyingine miwani nilikuwa nimeivaa usoni!

Nimfuate fundi, au nijifiche?

Redio

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Redio, na pole yenyewe ni hiyo hiyo moja. Mzee mzima unamcheka mtu aliyekufungulia moyo! Mwalimu alisema penseli kwa sababu rasimu ni nguo iliyopigwa bandi, mshono wa muda tu, inafumuliwa ishonwe vizuri. Wewe umeichoma kwa pasi.

Usimpelekee radhi ya mdomo, huo mdomo anaujua. Andika insha yako upya, anzia kwenye miwani, na swali lake ulijibu humo humo. Kesho mchana nenda kwenye cherehani yake, wateja wakiwepo, maana ulimwaibisha mbele ya watu. Msomee. Kisha mwombe daftari lake, ulisome polepole, na useme kweli palipokugusa na palipokupoteza. Swali nakupa mimi: hao wadogo zake, walisoma? Likijibiwa, insha yake imepata mwisho, na mtihani hausubiri.

Beba penseli. Chui mwache nyumbani. Na miwani, mzee wangu, ivae.