Asilimia Nne

Jumanne, 4 Machi
Kipimo, programu niliyoiandika mwenyewe, kimekamilika! Amri moja tu: nakipa folda, kinabana kila faili, yaani kuipunguza ukubwa, kwa programu tano, kinaandika ipi imepunguza zaidi, kisha kinafuta nakala zilizobanwa. Jirani wa meza ofisini kaniuliza kama nimekijaribu kwa faili za kweli. Kesho nitakipa sauti za Mama. Faili kumi na mbili, alijirekodi akiumwa, zote kwa ajili yangu. Ni miezi saba sasa tangu tumzike, sijafungua hata moja. Ila kuzipima si kuzisikiliza — hilo naliweza.

Jumatano, 5 Machi
Folda tupu.
Tupu!
Programu ya tano, usipoikataza, hufuta faili ya asili na kubakiza iliyobanwa. Naijua tabia hiyo tangu chuo! Kisha Kipimo kikafuta iliyobanwa, kama nilivyokiagiza. Rekoda yenyewe niliisafisha zamani. Bekapu, nakala ya akiba, sina. Mimi, ninayewahubiria wenzangu bekapu kila wiki. Mganga hajigangi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejaribu kuzifufua siku mbili. Hakuna kitu. Limebaki jedwali la Kipimo tu. Faili kumi na moja zilibaki asilimia themanini na kitu ya ukubwa wake — huyo ni Mama anazungumza, maneno hayabaniki sana. Ya kumi na mbili, dakika arobaini nzima: asilimia nne. Kimya ndicho hubanika hivyo. Dakika arobaini mbele ya rekoda, alikuwa akifanya nini? Namwona kwenye kila kiti humu ndani, kafumba mdomo, ananitazama. Naiogopa sebule yangu mwenyewe, tena mchana kweupe.

Jumapili, 9 Machi
Dada kapiga simu. Kauliza nimefika wapi na sauti za Mama. Nikasema naendelea nazo. Uongo mtupu.
Anasema ile ya mwisho alikuwepo, yeye ndiye aliyeshika rekoda. Mama alishindwa kuanza. Akakaa, akakaa, mwisho kabisa akaniita jina langu na kuniuliza swali moja. Akamkataza Dada asilitamke kwa mtu, hata kwangu. Nilisikie kwake, nijibu mwenyewe.
Ndiyo hiyo asilimia nne.
Simu iko mezani, spika wazi, naandika huku yeye anasubiri. Kauliza kama nimelisikia. Nimesema ndiyo! Sijui kwa nini. Sasa analia, anamshukuru Mungu — anataka nimwambie nimemjibu Mama nini.