Vikombe Viwili vya Chai Sharafiya

Alqosh, 12 Februari 1997

Mpendwa mwanangu Warina,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na kwamba baridi ya Uswidi haijakushinda. Mimi mwili unakwenda. Tafadhali keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Bibi yako ametutoka. Ilikuwa Alhamisi iliyopita, asubuhi. Alikuwa ametoka misa ya alfajiri kama kawaida yake, akaniambia ana njaa, jambo ambalo hakulisema mara nyingi. Nikaenda uani kutoa mkate tanurini. Niliporudi nilimkuta kitandani, kavua kiatu kimoja, kingine bado kiko mguuni. Hakuniita, wala sikusikia sauti yoyote.

Tulimzika kesho yake, karibu na baba yako. Alqosh nzima ilikuja. Padri alilia hata akakosea wimbo, na wewe unajua Bibi angemsahihisha kwa sauti. Hata gari la watu wa kijiji cha Sharafiya lilikuja, wakasimama nyuma kwa heshima. Wengi walishangaa.

Najua alikulea kuliko mimi nilivyokulea. Lia, mwanangu, lakini kula.

Shangazi yako,
Shmuni

*

Södertälje, 9 Machi 1997

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo kwa mkono wa yule mama aliyepitia Amman. Poleni sana, na pole zaidi wewe uliyebaki peke yako na nyumba ile. Mimi ni mzima, ila nimelia mpaka mwenye nyumba wangu akaja kugonga mlango kuuliza kama nimeungua.

Hapa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Nawaosha, nawachana nywele, nawalisha. Leo nimemchana bibi mmoja wa Kiswidi polepole mno, akaniuliza kama nimelala.

Unakumbuka mwaka tisini na moja, tulipolikimbia jeshi kuelekea mpakani, matope yakifika magotini? Watu walikuwa wanalia, wengine wanamlaumu Mungu. Bibi akaketi juu ya mtungi wa gesi katikati ya barabara, akainua macho akasema, "Bikira Maria, wewe ulikimbilia Misri na mtoto mgongoni. Unajua miguu inavyouma. Sasa fanya jambo." Halafu akatuanzishia rozari, na kila aliyesinzia alifinywa. Mimi nilifinywa mara mbili.

Shangazi, nakuomba kitu. Misa ya arubaini ikifika, watu watasimama na kusema alikuwa mtakatifu. Ni sawa, waseme. Lakini wewe umeishi naye maisha yako yote. Niandikie alikuwaje kwelikweli. Na hao wa Sharafiya walifuata nini? Bibi aliwahi kuniambia watu wale hawatakunywa chai yake, na hakunieleza sababu.

Mtoto wako,
Warina

*

Alqosh, 2 Aprili 1997

Mpendwa Warina,

Salamu za Pasaka. Kristo amefufuka. Sisi wazima, mvua imenyesha vizuri, na mlima umejaa maua. Unisamehe kwa kukawia. Nimeianza barua hii mara nyingi, kila mara nikaichoma jikoni.

Arubaini ilipita salama. Walisema alikuwa mtakatifu, kama ulivyotabiri. Mimi niligawa mkate, sikusema neno. Ninalotaka kusema nakuandikia wewe.

Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, alikuja kunichumbia kijana wa Sharafiya, Yonan mwana wa Odisho. Nilimpenda, Warina. Lakini yeye ni wa Kanisa la Mashariki, na hao humwita Bikira "Mama wa Kristo", hawasemi "Mama wa Mungu" kama sisi Wakatoliki. Kwa Mama, Bibi yako, hilo lilikuwa tusi kwa mtu wa nyumbani. Alisimama mlangoni akawaambia wazazi wa Yonan, "Asiyemwita Maria Mama wa Mungu hanywi chai kwangu." Wakarudi walikotoka. Yonan akaoa kwao. Mimi sikuolewa, nikabaki nikimpikia Mama, nikimfulia, nikienda naye misa. Hatukulizungumza tena.

Miaka miwili iliyopita padri alisoma altareni kwamba wakuu wa makanisa yetu mawili wamepatana juu ya jambo lilelile. Watu walipiga makofi. Mama alitoka nje. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kukatiza rozari katikati na kutazama ukuta.

Mwaka huu, kwenye Mfungo wa Ninawi, alikaa siku zote tatu bila chakula wala maji. Nilimkataza, akasema, "Ninawi ilitubu nzima, hata ng'ombe, nami nishindwe?" Mfungo ulipoisha alikunywa maji, akavaa gauni lake jeusi la Jumapili, akaniambia, "Mwite jirani mwenye pikapu. Tunakwenda Sharafiya."

Yonan alikuwa chini ya trekta. Mama akamwambia, "Toka huko, mimi siwezi kuinama." Akatoka, mafuta hadi kwenye nyusi.

"Unanijua?"

"Nakujua, mama. Ulinifukuza."

"Ndiyo. Nilidhani namtetea Bikira. Kumbe natetea kiti changu cha mbele kanisani. Nimekuja uniombee, na unisamehe."

Yonan alijifuta mikono muda mrefu. "Karibu ndani, mama. Upate chai."

"Kwanza nijibu."

"Nilikuchukia miaka mingi," akasema. "Mke wangu alipofariki, hata chuki nikaona uvivu kuibeba. Nimekusamehe."

"Basi leta chai," Mama akasema. Akanywa vikombe viwili, akaomba sukari zaidi, siku hizi za vikwazo ambazo sukari hakuna.

Tukiwa njiani kurudi, akaniuliza bila kunitazama, "Na wewe, Shmuni?"

Nikamjibu, "Mimi bado."

Akaitikia kwa kichwa. "Una haki," akasema. Akanishika mkono mpaka tukafika.

Hiyo ilikuwa wiki mbili kabla hajafa, nami sikumwambia lolote zaidi. Nilidhani kuna wakati. Nilikuwa namkomoa kidogo, kusema kweli. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Shangazi yako,
Shmuni

*

Södertälje, 27 Aprili 1997

Shangazi yangu,

Shikamoo, na natumaini unalala sasa. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma kwenye basi nikapitiliza kituo.

Sikiliza nikuambie kutokana na kazi yangu. Wazee wanaotunzwa na mtu mwenye kinyongo nawajua nikiwagusa tu. Kucha ndefu, nywele zimeshikana nyuma ya shingo pale pasipoonekana. Bibi nilimwacha akinukia sabuni. Wewe ndiye uliyekuwa unamsuka kila Jumamosi, huku mnagombana kuhusu chumvi. Mdomo wako ulisema bado. Mikono yako ilikuwa imeshajibu, naye hakuwa mjinga.

Na swali moja la mwisho. Unanihesabia mpaka vikombe vya chai, halafu hunielezi kama yule wa trekta amefika kwako tangu mazishi. Shangazi, mimi si mtoto.

Mtoto wako,
Warina

*

Alqosh, 1 Juni 1997

Mpendwa mwanangu,

Salamu kutoka kwetu. Na safari hii "kwetu" maana yake ni watu wawili, kwa hiyo keti tena.

Alifika. Mara ya kwanza alikuja kutengeneza bomba la uani, ambalo halikuwa limeharibika. Mara ya pili alikuja na ndugu zake wote. Jumapili iliyopita tulifunga ndoa, mimi na miaka yangu arubaini na sita, kanisani kwetu, na padri wao akaketi mbele karibu na wetu. Wanawake walipiga vigelegele kama vile mimi ni msichana. Nilivaa bluu.

Maneno yako kuhusu mikono niliyasoma mara nyingi. Siku moja nilikuwa nakanda unga, nikatafuta hasira yangu kwa Mama, nikaikosa. Nilibaki na uchungu wa kumkosa yeye tu. Nikalala vizuri usiku ule.

Kabla ya karamu Yonan aliomba tupite makaburini. Alivua kofia, akasimama miguuni pa Mama.

"Mama Khatun," akasema, "mimi Yonan. Nimekuja kumchumbia Shmuni."

Kisha akanyamaza, akimpa nafasi ya kujibu. Upepo ulikuwa unavuma kutoka mlimani. Tulisubiri hapo muda wa heshima, mimi nikicheka na machozi yananitoka, naye hakukataa.

Shangazi yako,
Shmuni