Min Akinyi na Sello ya Watoto

Migori,
Juni 1996.

Kwa Dada Mghoi,

Habari za hapo Wundanyi na baridi yenu? Mgongo wa Mama umepata nafuu? Na mtoto, amekubali kuachishwa ziwa au bado anakuvuta gauni kanisani? Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili. Roho ndiyo sijui. Barua hii usimsomee Mama yote, utaona mwenyewe pa kuruka.

Uliniuliza kazi ikoje. Kazi, dada, inanikondesha. Nilikwambia kwamba Bwana Ouma, huyu mfanyabiashara mwenye malori ya Isebania, alinunua sello, ile fidla kubwa inayopigwa ukiwa umeketi, kwa wamisionari waliokuwa wanafunga virago kurudi kwao. Alikuwa ameona watoto wa tajiri mmoja wakiipiga arusini Nairobi, basi na wake lazima. Akaulizia kanisani mwalimu wa kukaa nyumbani kwake, na kwa kuwa masista walinifundisha ala hiyo shuleni, nikadhani bahati imenibishia hodi.

Bahati gani! Akinyi, mkubwa, anashika upinde kama mwiko wa kusongea ugali. Nikimwambia alegeze vidole ananijibu, "Ticha, si vimelegea?" Mdogo wake Otieno anaenda chooni somo likianza na kurudi likiisha. Sakafu yao ya saruji inapigwa nta mpaka unajiona sura, kwa hiyo ule msumari wa chini unaoishikilia sello unateleza, na chombo chote kinamkimbia mtoto. Nimeufunga kwa kamba kwenye mguu wa kiti. Wageni wakija, Bwana Ouma anawaita watoto wapige. Wanapiga. Wageni wanasema, "Aa, orutu kubwa!" Huku wana ala yao ya uzi mmoja, nayo huipiga kwa upinde vilevile, kwa hiyo wanajua kabisa kwamba wanachosikia si muziki.

Aliyekuwa anasikiliza kweli ni mama yao. Kwao ni Karungu, ziwani, na hapa anaitwa Min Akinyi, yaani mama Akinyi. Kila somo alikuwa na kisingizio cha kuwa pale, mara anakunja nguo, mara anachambua mboga mlangoni. Siku moja watoto wakiwa shuleni akaniambia, "Mwalimu, nipe hiyo kitu nijaribu kidogo." Dada, mkono ule! Alivuta upinde mara moja tu, sauti ikatoka nzito, safi. Tangu hapo, kila asubuhi mume akishaondoka kwenda mpakani, tulikuwa tunakaa sebuleni mimi na yeye. Haikuchukua muda akawa anapiga wimbo mzima wa kanisani. Saa hizo peke yake ndizo sikuwa najuta kuja.

Sasa, sello inashikwaje? Unakaa kitini, unaibana katikati ya magoti. Hakuna njia nyingine. Mwezi uliopita mama mkwe wake, mamake Bwana Ouma, alifika kutoka Homa Bay bila taarifa, akapitia mlango wa jikoni. Akamkuta mke wa mwanawe gauni limepanda, magoti huku na huku, macho amefumba.

"Ma en ang'o?" akapiga kelele. Hii ni nini? Kisha akanigeukia mimi. "Wewe msichana wa pwani, umekuja kufundisha bibi ya mtoto yangu kukaa hivi?"

Nikaanza kueleza. Min Akinyi akanizuia. Hakusimama, wala sello hakuiachia. Akasema kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie, "Mama, nimezaa watoto wawili katika hii nyumba. Siku hiyo hakuna mtu aliniambia nifunge magoti."

Nilitamani ardhi ipasuke, na papo hapo nikainamia vitabu vya nota nisionekane nacheka.

Bwana Ouma aliporudi akakuta mama yake amesusa chakula. Unajua aliamua nini? Akaniita, akakohoa kama hakimu. "Mwalimu, bibi yangu anaweza kuendelea. Lakini akae kando, vile wamama wanakaa kwa baiskeli."

"Haiwezekani, Bwana Ouma."

"Si wewe ndiye mwalimu? Tafuta njia."

Basi nikahangaika na mwanamke mzima aliyeketi upande kama gunia la mihogo kwenye keria ya baiskeli. Mgongo unamuuma, upinde unagonga nyuzi mbili kwa pamoja, na mkwe yuko kwenye kochi ananitolea macho. Mwisho nikafunga sanduku langu. Nikamwambia Min Akinyi, "Nimeshindwa. Narudi kwetu." Akanijibu tu, "Ngoja kwanza nifike Isebania."

Akapanda lori la mumewe, akarudi na kitenge cha kutosha kuvisha kwaya, fundi akamshonea sketi ya marinda, pana ajabu. Jumapili baada ya ibada akawakalisha mume na mkwe, akaketi mbele yao, akatanua magoti. Sketi ikamwagika mpaka sakafuni, hakuna kilichoonekana ila vidole vya miguu. Akapiga ule wimbo mwanzo hadi mwisho. Bwana Ouma alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mama mkwe akainua kidole. Kisha akasema, "Hapo katikati umekosea."

Na kweli alikuwa amekosea.

Usidhani yameisha. Mama huyu sasa hataki kurudi Homa Bay. Kila somo yumo, na kosa likitokea anamkatiza Min Akinyi kabla yangu. Leo asubuhi akachoka kukatiza, akasema, "Leta." Akakaa kitini, akakusanya gauni lake, akaibana sello bila kumwangalia mtu, akavuta. Ikalia kama ndama aliyenyimwa ziwa. Akaweka kiganja kifuani.

"Kumbe inaingia humu ndani," akasema. Halafu akanifokea mimi, mimi, dada! "Na kwa nini hawa watoto ndio walianza kufundishwa?"

Nguo zangu nimezirudisha kabatini. Usiniulize kwa nini.

Mwambie Mama samaki huku nakula mpaka nakinai. Nisalimie shemeji, na mjomba fundi saa, na shangazi wa viazi pale sokoni, asiache kuniombea subira. Naishia hapa kwa sababu naitwa sebuleni na mke na mkwe, wote kwa pamoja, na sello ni moja.

Ni mimi mdogo wako,
Wakesho.