Chupa Kumi na Mbili Saunani

Helsinki, 4 Novemba 1961

Shikamoo Baba,
Mimi mzima. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Asante kwa kunikusanyia huko majani ya mierebi yenye vivimbe. Funza wakishatoka vivimbeni na kujifukia kwenye udongo wa zile chupa nilizokuachia, ziweke saunani, kibanda chetu cha kuogea kwa mvuke, wakae baridini hadi Juni watoke wakiwa nzi-msumeno, wadudu wenye mabawa ninaowatafiti. Tafadhali msiwashe moto humo. Joto la siku moja litawaua, na shahada yangu imo ndani ya chupa hizo.
Binti yako, Orvokki

Sodankylä, 20 Januari 1962

Mwanangu Orvokki,
Huku hatujambo kiasi. Chupa kumi na mbili ziko salama. Kila Jumamosi tunaoga kwa jirani Aukusti, naye ananitania, "Oskari, umewapangisha funza sauna yako!" Sasa Mama hawezi kwenda hata huko, amelala tu. Anakuulizia kila siku. Njoo, mwanangu, angali anakutambua.
Baba

Helsinki, 2 Februari

Shikamoo Baba,
Nimeumia kusikia hayo. Lakini tarehe ishirini nasimama mbele ya maprofesa kwa mtihani. Mwambie Mama nitakuja Juni, wadudu wakitoka, nimalize yote kwa safari moja. Chupa msiziguse.
Binti yako, Orvokki

Helsinki, 1 Machi

Baba yangu,
Pole. Telegramu ya kifo cha Mama ilinifikia siku ya mtihani. Treni ingenifikisha mkiwa mmeshazika, basi nikabaki. Nimelia sana. Naona aibu kuuliza, lakini profesa ananisukuma: chupa zikoje?
Binti yako, Orvokki

Sodankylä, 12 Machi

Orvokki,
Mama yako alizaliwa kwenye sauna hii, na wewe alikuzalia humu. Aukusti alinipa sauna yake tumwoshee marehemu. Nilikataa. Nikawasha kuni zetu, nikapasha maji, na mimi na dada wa mama yako tukamwosha polepole, kama mama yao alivyooshwa.

Usidhani nilisahau. Chupa zilikuwa rafuni, nikazitazama kiberiti kikiwa mkononi. Kuzitoa nje ni kazi ya dakika mbili. Majira yote ya baridi mgonjwa wangu hakuogea kwake kwa ajili ya funza hao, na bado walikuwa na nafasi kubwa moyoni mwako kuliko yeye. Nikawasha.

Juni usije. Uliokuwa unawafuata wamekufa.
Oskari